Shimo Nyuma ya Mabati

Ukurasa ulituishia wiki jana Mzee Kihara akiwa ndiyo kwanza ameshika maikrofoni, na ukumbi wote wa kanisa umenyamaza kumsikiliza.

Kila mtu alijua atakalosema. Si ndiye aliyezunguka duka hadi duka akiwahimiza wafanyabiashara wenzake waje kulipinga jengo la Ngatia? Duka lake la mbegu na dawa za mifugo lilikuwa ubavuni mwa kile kiwanja. Ghorofa ishirini na nne zikisimama pale katikati ya mji wa Nyeri, duka lingekwenda na maji. Mbele, kwenye meza ya kamati ya mipango, bintiye Warigia alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika maoni ya wananchi, ya baba yake yakiwemo.

"Mimi naitwa Kihara," mzee alisema. "Nasema jengo ijengwe. Na ijengwe haraka."

Kalamu ya Warigia ilisimama.

Viti vililia, watu wakigeuka kutazamana. Kisha mwanamke mmoja muuza viatu akainuka katikati ya ukumbi.

"Mzee, ni wewe ulituambia tuje. Wamekupatia nini?"

 Mzee Kihara aliiweka maikrofoni juu ya kiti kana kwamba ilikuwa ikimchoma, akavaa kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yake watu walianza kupiga kelele, wengine wakimtukana kwa Kikuyu, wengine wakikusanya mikoba yao waende zao. Kama kiongozi wao amekubali, wao wangepinga wakisimama na nani?

Ngatia alikaa safu ya kwanza, mguu juu ya mguu. Hakutabasamu. Alikuwa mtu wa kujenga. Alikuwa amejenga Murang'a, amejenga Sagana, na sasa alitaka kujenga kitu ambacho mtu angekiona akiwa bado mbali barabarani.

Mwenyekiti wa kamati, Madam Watiri, aligonga meza. "Tumesikia maoni. Kamati itakaa mchana huu. Afisa wa mipango atatupa mapendekezo yake, kisha tutaamua."

Afisa huyo ni Warigia. Tangu siku ya kwanza alikuwa amemweleza Watiri kwamba baba yake ana duka pale, akaomba kazi hiyo apewe mwingine. Watiri alimwambia kwamba mji huu kila mtu ni wa mtu, na hakuna afisa mwingine, kwa hiyo afanye kazi na aifanye sawasawa. Naye ameifanya. Ameipima michoro, ameutembelea mteremko ule unaoshuka kwenda mto Chania, ameona jinsi udongo wake unavyobomoka mkononi mvua ikinyesha. Jibu lake lilikuwa hapana. Lilikuwa hapana hata kabla baba yake hajafungua mdomo.

Alimfikia mzee nje, karibu na matangi ya maji.

"Baba, ngoja."

"Niache niende nyumbani, mami."

"Nani amekuongelesha?"

Mzee Kihara alitazama huku na huku. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, kama mtu aliyeugua kwa muda mrefu. Warigia alijiuliza mbona hakuyaona mabadiliko hayo mapema.

"Wewe sema ndiyo," mzee alisema. "Mara hii moja. Sijawahi kukuomba kitu ya kazi yako."

"Niseme ndiyo kwa nini?"

"Kwa sababu ya Mugo." Alivuta kofia chini. "Usiniulize zaidi. Muulize yeye."

Mugo ni kitinda mimba wa nyumba ile. Kijana mpole, dereva wa mashine za kuchimba, ambaye kwa karibu wiki mbili alikuwa hajaonekana mjini. Warigia alidhani amepata kibarua huko Kagio.

Kabla hajauliza neno jingine, mkono ulimgusa begani. Ngatia.

"Mzee yako ni mtu ya kuelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Natumai ni kitu ya familia."

Akaenda zake kwenye gari.

Warigia alirudi ofisini. Kwenye benchi la wageni alimkuta mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio wa rangi ya kahawia, vumbi la safari bado kwenye viatu.

"Wewe ndiye madam wa majengo?"

"Ndiye mimi. Nikusaidie?"

"Mimi naitwa Batula. Nimetoka Nanyuki. Natafuta ndugu yangu, Gure." Alizungumza polepole, akiyachagua maneno. "Alikuwa anauza mbuzi. Mbuzi ikakufa kiangazi, akakuja hapa kutafuta kibarua. Anafanya kazi kwa hiyo jengo refu. Sasa simu yake imezima, siku nyingi. Polisi wameandika jina. Wameniambia niulize watu ya ujenzi."

"Jengo gani refu, dada?"

"Ya Ngatia."

Warigia alikaa. "Hilo jengo bado halijakubaliwa. Hakuna mtu anafanya kazi pale. Kibali hakijatoka."

"Wanachimba," Batula alisema. Hakubishana, alikuwa anaeleza tu. "Nyuma ya mabati. Aliniambia shimo iko ndani kama kisima ya kwetu, ukisimama chini unaona kipande ya anga tu. Tena alisema udongo inaanguka anguka. Nikamwambia atoke hapo. Akasema ngoja mwisho ya mwezi."

Mara ya mwisho Warigia kukanyaga kile kiwanja kilikuwa nyasi na magari mabovu. Baadaye Ngatia akazungushia mabati marefu, akasema ni ya kuzuia wezi. Ngurumo za mashine zikisikika, watu walidhani ni matengenezo ya barabara ya chini. Warigia mwenyewe alidhani hivyo. Alipita pale kila siku akienda kazini na hakuwahi kusimama hata kuchungulia.

"Hakukutajia rafiki yeyote? Mtu wa kumuuliza?"

"Alinitajia dereva ya tingatinga. Kijana mzuri, wanakula pamoja mchana." Batula alifikiri. "Anaitwa Mugo."

Warigia aliinuka. Hakukumbuka kwamba ameinuka.

"Ningoje hapa, dada. Tafadhali usiende mahali."

Mugo hakuwa Kagio; alikuwa nyumbani kwao, mtaa wa Kamakwa, amelala na nguo zake za kazi, mchana wa saa sita, mapazia yamefungwa. Chai ilikuwa imepoa mezani na utando juu yake. Alipomwona dada yake mlangoni alijua. Hakuuliza hata amefuata nini.

"Gure yuko wapi?" Warigia alisema.

Mugo alijifunika uso kwa mikono.

Ilichukua muda kabla ya maneno kutoka, na yalipotoka yalitoka yote kwa mkupuo. Mburu, nyapara wa Ngatia, ndiye aliyemwajiri. Walitaka shimo liwe tayari ili kibali kikitoka wamwage zege siku hiyo hiyo. Walichimba kimya kimya nyuma ya mabati. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jioni moja vibarua walikuwa wamekwenda, akabaki Gure chini akikusanya majembe. Ukuta wa udongo upande wa mto ukaachia.

"Haukufanya hata kelele, Warigia. Ulikaa tu chini, kama mtu amechoka. Na Gure alikuwa hapo."

"Mkamtoa?"

Mugo aligeukia ukuta.

"Mugo. Mlimtoa?"

"Nilitaka kushuka na jembe. Mburu akanishika shati. Akaniambia huyo ameshakufa, hata tukichimba ni maiti tunatoa, na tukitoa maiti sote tunafungwa. Akaniambia nirudi kwa mashine nifukie. Ati tusawazishe hiyo upande yote." Aliishusha mikono, akaitazama. "Nikafukia."

"Ulikuwa na hakika amekufa?"

"Injini ilikuwa inanguruma. Sikusikia kitu." Alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza. "Lakini tangu hiyo siku, nikizima injini yoyote, hata ya pikipiki, nasikia mtu."

Warigia aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kumpiga kofi, akataka kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Na Baba?"

"Mburu alimfuata dukani siku chache baadaye. Alimwambia jengo ikipita, wanamwaga zege juu na maneno inaisha. Ikikataliwa, watu ya kukagua wataingia hapo, na mtu alikuwa kwa usukani ni mimi. Alimwambia aongee nawe pia. Baba hakutaka. Alisema wewe hutaweza."

"Huyo Mburu yuko wapi sasa?"

"Sijui. Simu yake haiingii. Hata Ngatia anamtafuta."

Nje jirani alikuwa akimwita mtoto aje kula. Warigia alisikiliza sauti ile mpaka ikaisha.

"Dada yake Gure yuko ofisini kwangu," alisema.

"Batula," Mugo alisema mara moja. "Anauza maziwa ya ngamia hapo Nanyuki. Gure alikuwa anamwongelea kila siku." Halafu akaanza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. "Usiseme, Warigia. Nakuomba. Ama sema. Mimi sijui. Mimi nimechoka."

Njiani kurudi alijaribu kufikiri kama afisa na hakuweza. Akisema ndiyo, mvulana ambaye yeye alimbeba mgongoni atabaki huru, baba yake atakufa na amani yake, na mtu mmoja kutoka Nanyuki atakaa milele chini ya maduka na ofisi na watu wanaokula chakula cha mchana. Akisema hapana na kuficha sababu yake, hataokoa mtu yeyote. Akisema yote, basi.

Kwenye korido Batula alisimama alipomwona.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Yuko hai?"

Msomaji, Warigia alikuwa amesoma chuo kikuu miaka mingi na alikuwa hodari wa kujibu maswali magumu mbele ya watu wakubwa. Hilo hakulijibu. Alimshika Batula mkono, akaubana, akauachia, akaingia kwenye mkutano. Batula alibaki ameutazama mkono wake.

Kamati ilikuwa imekaa. Ngatia alikuwa upande wa pili na mchoraji wake, picha ya jengo imesimamishwa ukutani, vioo vya bluu na mlima mweupe nyuma yake. Mzee Kihara naye alikuwa amerudi, amekaa karibu na mlango kama mtu asiye na hakika kama amealikwa.

"Afisa," Madam Watiri alisema, "tupe mapendekezo yako. Kwa ufupi."

"Jengo lisikubaliwe," Warigia alisema.

Ngatia aliinua kichwa.

"Sababu?" Watiri aliuliza.

"Ardhi ile haiwezi kubeba uzito huo. Najua kwa sababu imeshaanguka. Kiwanja kimechimbwa bila kibali, Madam. Nyuma ya mabati kuna shimo. Na kwenye shimo kuna mtu."

Mlangoni Mzee Kihara alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejigonga gizani.

Watiri aliivua miwani yake. "Mtu gani? Sema kitu una hakika nacho."

"Anaitwa Gure. Ni kibarua. Ukuta ulimwangukia, na badala ya kutolewa akafukiwa. Dada yake yuko hapo kwenye korido na bado sijaweza kumwambia."

Wakati huo ndipo Ngatia alipozungumza, na sauti yake haikutikisika hata kidogo.

"Mimi sijaagiza mtu achimbe. Kama kuna mtu alichimba, ni nyapara wangu Mburu, na mimi mwenyewe namtafuta. Lakini Madam mwenyekiti, mwulize afisa wako hiyo mashine ilikuwa inaendeshwa na nani."

Watiri aligeuka.

"Ndugu yangu," Warigia alisema. "Mugo Kihara. Yuko nyumbani Kamakwa. Hatakimbia."

Alikuwa amemaliza. Alidhani atajisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyeangusha kitu kizito miguuni mwake mwenyewe.

Watiri hakupoteza muda. Aliwapigia polisi akiwa papo hapo mezani, akaamuru picha ile ya vioo vya bluu itolewe ukutani. Kisha akatoka mwenyewe kwenye korido, akakaa benchini na Batula, akamwambia. Kupitia mlango ulioachwa wazi Warigia aliona bega la Batula likishuka taratibu, na mtandio ukiteleza kichwani bila mwenyewe kuurudisha.

Alasiri ile mabati yalifunguliwa.

Ukungu ulikuwa umeteremka, mlima hauonekani, na nusu ya mji ilikuwa imejipanga barabarani ikitaka kuona. Ndani ya ua palikuwa na eneo pana la udongo mwekundu, upande mmoja ni shimo, upande wa mto umesawazishwa kama uwanja wa mpira. Tingatinga la Mugo lilikuwa bado pale, limeinamisha mkono wake. Polisi walileta dereva wao. Mugo aliletwa kwa gari lao, akashuka, na alipomwona Batula alitaka kupiga magoti, askari akamshikilia wima.

Batula alimtazama kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye Mugo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alisema wewe ni mtu mzuri." Akageukia shimo.

Inspekta alikuwa mtu wa makamo aliyevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi. Alimtaka Mugo aonyeshe mahali. Mugo akaonyesha. Mashine ikaanza kukwangua juu juu, kwa uangalifu, vijana wawili wenye majembe wakifuata. Mzee Kihara alisimama na Warigia nyuma ya kamba. Warigia alitaka kumshika mkono. Mzee aliutia mfukoni.

Hawakwenda mbali. Kijiko cha mashine kilikuwa kimepita mara chache tu askari mmoja alipoinua mkono. Kitambaa. Kisha kiatu.

Injini ikazimwa. Mugo akaziba masikio.

Vijana wakaendelea kwa mikono. Batula alikuwa amefunga macho, midomo ikicheza kwa dua. 

"Si hapo," Mugo alisema ghafla.

Inspekta alimtazama. "Umesema nini?"

"Hapo ni juu sana. Mimi nilimfukia chini zaidi. Gure yuko chini kabisa, hakuwa hapo."

Walimpangusa udongo usoni yule aliyelala pale. Inspekta akamwita Batula, kwa adabu, akamsaidia kuvuka kamba. Batula alifumbua macho, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu si ndugu yangu."

Ngatia, aliyekuwa amesimama kando muda wote huu akiongea na wakili wake, alisogea kuangalia. Na yule mtu ambaye sauti yake haikutikisika mchana kutwa alirudi nyuma hatua nzima.

"Ni Mburu," alisema. "Ni nyapara wangu."

Upande wa nyuma wa kichwa cha Mburu palikuwa pamepondeka. Hilo halikufanywa na udongo, na hata watu wa barabarani waliliona.

Inspekta alimwita mlinzi wa kiwanja. Mlinzi alikuja ameishika kofia yake kifuani. Alisema geti lilifungwa jioni ile ukuta ulipoanguka, Mburu akachukua ufunguo, na tangu hapo halijafunguliwa mpaka leo polisi walipovunja kufuli.

"Kwa hivyo aliingia wapi? Na aliyemfukia aliingia wapi?"

"Kuna kamlango nyuma ya maduka, afande. Hapo kwa duka za mbegu."

Inspekta alimgeukia Mugo. "Ulirudi hapa."

"Sikurudi."

"Hii mashine imefukia mtu mara mbili. Mara ya kwanza umekubali ni wewe. Ni nani mwingine hapa anajua kuiendesha?"

Mugo alifungua mdomo. Macho yake yalipita juu ya bega la Inspekta, yakafika kwenye kamba, yakarudi haraka kana kwamba yameungua.

"Hakuna mwingine," alisema. "Ni mimi. Andika ni mimi yote."

Warigia aliona macho hayo yalipotua: kwa baba yao. Kabla ya duka, kabla ya mbegu na dawa za mifugo, Mzee Kihara alikuwa amekata barabara za milima hii kwa tingatinga mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Mugo hakufundishwa kuendesha shuleni. Alifundishwa akiwa amekalia mapaja ya baba yake.

Jengo ijengwe. Na ijengwe haraka.

Pingu zilifungwa kwenye mikono ya Mugo. Chini, vijana walikuwa wameanza tena kuchimba, wakimtafuta Gure. Inspekta alipangusa udongo mikononi, akaja mpaka kwenye kamba.

"Madam Warigia, leo umesema ukweli mgumu kuliko mtu yeyote hapa. Nitakuuliza wewe, kwa sababu huyu kijana simwamini. Katika nyumba yenu, kuna mwingine anajua hiyo mashine?"

Warigia aligeuza kichwa. Mzee Kihara hakuwa akilitazama shimo, wala Mugo, wala polisi. Alikuwa anamtazama yeye.